Chupa Niliyoiacha

Saa tatu usiku, mvua ikiteremka Kadutu pamoja na udongo wake,
walimleta Murhula, fundi wa mabati,
aliyeanguka kutoka paa la watu siku nne nyuma.
Kichwa chake kilisema hakijambo,
kisha kikabadili maneno.
Alimwita dada yake kwa jina la mbuzi.
Akacheka. Akatapika.
Akakakamaa hadi kitanda kikalia.

Labo ikaandika: mia moja na tisa.
Sodiumu, chumvi ya damu.
Maji yalikuwa yakimwingia kichwani
kama yanavyoingia nyumba za bondeni mfereji ukiziba,
bila kubisha hodi, mpaka godoro linaelea.

Daktari Cizungu akasema kwa simu:
ile kali, ya asilimia tatu,
mililita mia na hamsini, dakika ishirini.
Nikasimama na saa ya mkononi, nahesabu matone,
midomo ikitembea kama ya bibi mwenye rozari.
Degedege likamwachia.
Mia moja na kumi na tatu.

"Sasa basi," akasema. "Funga.
Mpaka kesho saa kama hii asivuke mia na kumi na saba."

Nilijua sababu. Nilifundishwa, na niliwahi kuiona.
Ubongo uliojaa maji hujifunza kuishi hivyo,
hutoa vyombo vyake nje ili upate nafasi.
Ukiukausha kwa pupa, vyombo havijarudi,
nyaya zinachunika kwenye shina lake,
na mtu anaamka, yumo, anasikia,
ila hamezi, hasemi;
macho tu yanapanda na kushuka
yakikuuliza umemfanya nini.

Chupa ilikuwa imebaki na yake ndani.
Niliifunga. Sikuiondoa.
Naandika kama ilivyokuwa: sikuiondoa.
Kitanda cha sita mtoto alikuwa analia, nikaenda.

Kaka yake, Bagalwa, anauza chumvi sokoni.
Anapima kwa kikombe, anasawazisha kwa kidole,
halafu anaongeza kidogo juu, kwa ajili ya Mungu.
Alinisikia nikisema chumvi imepungua.
Akaona chumvi inaning'inia, imefungwa, kama ya bahili.
Akazungusha kile kigurudumu.

Niliporudi, mfuko wa mkojo ulinitangulia kusema:
umejaa, mweupe kama maji ya kisima.
"Nimempa nyongeza," akaniambia, ametabasamu.

Nilifunga. Safari hii niling'oa chupa, mrija na vyote.
Umeme ulikuwa umekwenda; labo bila umeme ni chumba tu.
Nilishuka ngazi na damu yake ya moto kiganjani,
tochi ya simu mdomoni,
nikamwamsha Ndagano wa jenereta,
naye akatafuta kwanza viatu.

Saa kumi: mia moja na kumi na nane.

Kumpigia daktari na kusema "ni mimi"
kulichukua muda mrefu kuliko kushuka ngazi.
Hakunigombeza. Akasema: mpe maji ya sukari,
mchome desmopresini, pima kila saa mbili,
na mkojo uandike wote, hata kijiko.
Ikawa ajabu kwa Bagalwa:
tulimnyang'anya nduguye chumvi aliyoililia.
Nilikaa naye chini, sakafuni,
nikamwambia kuna deni ambalo ukililipa lote kwa siku moja
linakuua. Akanyamaza.
Akasema sokoni hakuna deni la namna hiyo.

Alfajiri, mia na kumi na sita.
Kesho yake kumi na tisa. Ishirini na nne.
Kila asubuhi nilimwambia: toa ulimi. Meza mate.
Inua mkono. Huu mwingine.
Sikumwambia kwa nini natetemeka akichelewa.

Siku ya saba alionja uji, akakunja uso:
"Huu hauna chumvi."
Bagalwa akanitazama mimi kwanza
kabla ya kugusa mfuko wake.

Kwenye daftari, ukurasa wa usiku ule,
kosa langu lipo, kwa jina langu, Nsimire, kwa wino.
Wanafunzi wapya huwa nawafungulia hapo
kabla sijawaonyesha dawa.